Miche Minne ya Kabatini

Jumapili, 6 Januari 2019

Nimeimwagilia miche kabla ya kwenda ibadani. Minne, ndani ya kabati la nguo, chumbani alimokuwa akilala binti yetu Anna kabla hajaolewa. Taa inawaka saa kumi na nane kwa siku. Feni ndogo inazunguka. Mche wa kwanza na wa tatu ina majani ya njano huku chini. Majani mazee ndiyo yanaugua, machanga bado ni kijani. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, kila mkulima anaijua. Nimeongeza mbolea.

Bangi. Naliandika neno lenyewe, hapa hakuna wa kunisuta. Tangu Oktoba sheria ya hapa Kanada inaruhusu miche minne kwa kila nyumba. Mkataba wetu wa pango ni wa zamani, hauna neno kuhusu mimea. Daktari wa mume wangu anajua, amekubali tujaribu. Miaka mitatu tangu Baba Anna aanguke kazini, ghalani, mgongo haujapona. Vidonge vya maumivu vimemfanya mtu wa kusinzia juu ya sahani. Juzi alisahau jina la mjukuu wake. Nimechoka kuogopa neno.

Jumatatu, 14 Januari

Hali imezidi kuwa mbaya. Ncha za majani zimeungua, zimejikunja kama kucha. Mbolea imezidi. Na ile njano haijaondoka.

Nimejikasirikia mchana kutwa. Miaka kumi na moja nilikuwa bibi shamba kule Mbozi. Niliwagombeza wakulima wa kahawa kwa kosa hili hili, kumwaga mbolea kabla ya kuuliza udongo unataka nini. Nikaja Toronto, vyeti vyangu vikageuka karatasi tu, nikashika ufagio wa maofisini. Labda nimeisahau kazi.

Hapana. Sijaisahau. Nilifanya haraka.

Alhamisi, 17 Januari

Nimepima maji ya bomba kwa vile vikaratasi vinavyobadilika rangi, kutoka duka la bustani. pH ni karibu nane, wakati saba ndiyo katikati! Kumbe. Maji yenye magadi kiasi hicho huufunga mzizi mdomo. Chakula kimejaa kwenye chungu, mmea unakufa njaa. Mimi nikawa naongeza chakula.

Nimeyashusha maji hadi sita na nusu kwa matone ya asidi. Nimeyapitisha kwa wingi kwenye kila chungu hadi yakatoka meupe chini, yasafishe chumvi ya mbolea. Sasa nisimwagilie tena mpaka udongo ukauke kina cha kidole. Kungoja. Hiyo ndiyo dawa inayonishinda siku zote.

Jumamosi, 26 Januari

Majani mapya ni kijani, yamesimama. Yale ya njano hayarudi, nimeyakata. Nimeimba jikoni.

Kisha akaja wifi Stella, dada yake Baba Anna. Alikwenda kutundika koti lake, akafungua kabati. Mwanga ukampiga usoni. Hakupiga kelele. Alifunga polepole, akasema, "Wifi, kwa nini?"

Nikamweleza yote. Daktari, sheria, vidonge. Akanywa chai nusu kikombe, akaondoka. Najua simu yake haitapoa leo.

Jumapili, 3 Februari

Nimepunguza mwanga hadi saa kumi na mbili kwa siku ili miche itoe maua. Giza lazima liwe giza kweli. Nimeziba chini ya mlango kwa taulo. Kwa sababu ya harufu pia.

Kwenye kwaya leo, nafasi kati yangu na Mama Joyce, mwenyekiti wa akina mama, ilitosha watu wawili.

Jumanne, 12 Februari

Wamekuja. Mchungaji, na Mama Joyce. Maombi kwanza. Chai. Halafu.

"Mama Anna," akasema Mama Joyce, "vijana wetu wanaharibika kwa kitu hicho hicho. Na wewe unasimama mbele kuimba. Tuwaambie nini?"

"Waambieni Baba Anna anaumwa."

Mchungaji akasema, kwa upole, nipumzike kwaya mpaka mambo haya yaishe. Nikamwuliza kama wanaomeza vidonge vya maumivu vyenye asili ya afyuni nao wapumzike. Akaomba sukari.

Namwelewa Mama Joyce. Simkubali, lakini namwelewa. Aliyeniumiza ni mwingine. Baba Anna alikuwa ameketi pale pale muda wote, hakusema hata neno moja.

Jumatano, 13 Februari

Asubuhi ameniambia nitupe yote. "Nimekuwa mzee wa kanisa miaka yote hii, Mama Anna. Sitaki kuitwa mvuta bangi uzeeni." Nikamwambia moshi hautakuwapo, nitatengeneza mafuta, matone tu chini ya ulimi. Akasema jina ni lile lile.

Nimekataa. Sitatupa mmea niliouponya kwa mikono yangu.

Ijumaa, 22 Februari

Vidoti vyeupe juu ya majani, kama mtu amechoma kwa sindano. Nikageuza jani, nikaangalia kwa lenzi. Utitiri. Wameshaanza kusuka utando. Wakati wowote ule, ila si sasa!

Nimeipeleka bafuni mmoja mmoja. Maji ya uvuguvugu upande wa chini wa jani, kisha sabuni kidogo, kisha maji tena. Kurudia kila siku ya tatu, maana mayai hayafi. Maua bado madogo, yatavumilia. Yakishanenepa sabuni haifai.

Chungu cha tatu kilinishinda uzito. Nikasikia mkongojo koridoni. Baba Anna akaingia, akakaa juu ya kifuniko cha choo, akashika shina, akaligeuza taratibu nipate upande wa pili. Hakusema amebadili mawazo.

"Hawa wana miguu mingapi?"

Nane, nikamwambia. Akaomba lenzi.

Jumamosi, 16 Machi

Utitiri umekwisha. Leo nimeona kijivu kwenye ua kubwa la mche wa pili. Nimelipasua. Limeoza katikati, ukungu unatoka kama vumbi. Wapo wanaokata palipooza na kutumia panapobaki. Si kwa mgonjwa wangu. Mche mzima nimeufunga kwenye mfuko, nimeutupa. Nimelia kidogo.

Sababu naijua. Maji ya kuosha, maua mazito, na mlango uliozibwa kwa taulo. Giza lilihitaji mlango ufungwe saa kumi na mbili tu. Zile kumi na mbili nyingine nilifunga kwa aibu, majirani wasisikie harufu. Aibu imeniozeshea mche.

Basi. Taulo nimelitoa. Taa ikiwaka, mlango uwe wazi. Feni ya pili. Dirisha kidogo, hata kwa baridi hii. Anayenusa na anuse.

Jumapili, 17 Machi

Nimevaa joho la kwaya. Nimesimama kwenye mstari wangu, sauti ya pili. Mama Joyce akaja kuninong'oneza nitoke, nisilete fedheha.

Kabla sijamjibu, Baba Anna akaanza kuinuka kwenye benchi la mbele. Ilimchukua muda. Ukumbi wote ukangoja.

"Mgonjwa ni mimi," akasema. "Mke wangu alisomea mimea, na hii anailea kwa ajili yangu. Mwenye swali aniulize mimi."

Akabaki amesimama. Mchungaji akafungua kitabu, akataja namba ya wimbo. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Niliimba kwa nguvu makusudi.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimevuna. Kwa lenzi, vile vitone vidogo vinavyong'aa juu ya maua vimetoka rangi ya maji na kuwa rangi ya maziwa. Vichache vimeanza kuwa rangi ya asali. Huo ndio wakati, nikingoja zaidi vitamfanya asinzie, na kusinzia anako kwa kutosha.

Nimetundika matawi kichwa chini, gizani, hewa ikipita bila kuyapiga. Siku kumi hivi, mpaka kijiti kivunjike badala ya kupinda.

Stella amepiga simu. Aliuliza hali ya kaka yake, kisha, kwa sauti ya chini, hali ya miche. Nikamwambia tumevuna mitatu. "Haya," akasema. Kwa Stella hilo ni neno refu. Mama Joyce bado hanisalimii. Asinisalimie.

Jumapili, 28 Aprili

Siku ya nane ya matone. Daktari ameondoa kidonge cha asubuhi. Vingine tutaona. Sitaandika kwamba amepona, hajapona.

Leo asubuhi aliketi ukingoni mwa kitanda, akachukua soksi. Miaka mitatu mimi ndiye ninayemvisha. Nikanyoosha mkono, akatikisa kichwa. Akainama, akatulia, akainama tena. Ya kushoto ikaingia.

Ya kulia akanipa. Nikapiga magoti, nikamvisha. Tulichelewa ibadani, hatukuharakisha.