Bibi, Mfokee Jemadari

Shikamoo Bibi. Mjukuu wako amewahi gari ya saa moja kurudi dahalia, shuleni. Hakutaka kukukatiza uradi. Uji wa mbwa wetu Jemadari umo kwenye kifuu, uani. Usiuguse, mdogo wangu Tabia atamsogezea.

Tangu Jemadari apasuliwe tumbo kutolewa kokwa la embe ~~aliloliokota jaani~~ alilorushiwa na mjukuu wako kwa mzaha, kidonda kinapona lakini moyo hauponi. Siku nne anautazama ukuta, hataki kula. Nyumba nzima tunamnong'oneza "pole baba", naye anadhani tunamzika. Hata wewe umeacha kumfokea.

Leo alfajiri ukajisahau, ukapiga kelele dirishani: "Toka wee, nna udhu wangu!" Mkia ukatikisika, akaramba uji mara tatu. Mjukuu wako alikuwa nyuma ya pipa, ameona kwa macho yake.

Basi kila alasiri ukishatawadha, simama dirishani umfokee kama zamani. Usimhurumie. Daktari anarudi Ijumaa, na asipomkuta anakula atamdunga sindano ya kumpumzisha moja kwa moja.

Akipona, nibakishie na mimi maneno mawili matatu makali. Siku nne hujanifokea.

Mjukuu wako mkosa,
Usi