Kiti cha Kornelio Kilichotekwa na Mtani

Jumatatu, 7 Juni 1971

Mwalimu Adelina wa kisomo amesema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, mkono usisahau. Basi naandika. Daftari hili litakaa ndani ya debe la mchele, na asiyehusika asilifungue. Mstari mmoja haunitoshi. Nina hasira.

Shemeji Marselino ametuma salamu kutoka Ndanda. Atakuja Jumapili ya tarehe 4 Julai kwa misa ya mwaka ya marehemu mume wangu Kornelio, tuondoe tanga. Na baiskeli ya Kornelio ataikagua. Ikiwa nzima, ni yangu. Ikiwa inaozea uani, ataipakia aende nayo. Na mimi nishatangaza mtaa mzima kwamba nitaiendesha mwenyewe kwenda kiwandani! Nikinyang'anywa, nitapita wapi?

Nzima, anasema. Haina kiti! Kiti kilitekwa.

Aliyeteka ni Romani, Mngoni, fundi wa viti vya baiskeli pale Chang'ombe. Sisi Wamwera na wao ni watani. Siku ya mazishi alikuja na spana, akafungua kiti mbele ya waombolezaji, akakivaa kichwani kama kofia ya polisi, akasema hakirudi mpaka apewe jogoo. Haki ya mtani msibani. Unatoa jogoo, mnacheka, yanaisha.

Mimi sikutoa. Kwa sababu nilicheka. Maiti ya mume wangu ingali ndani, mjane mwenyewe nacheka mpaka khanga inanidondoka kichwani! Mwaka mzima sijamsamehe.

Na jogoo simtoi. Nimemlea tangu kifaranga. Jina lake Meneja, maana anatembea sana na hafanyi kazi.

Jumanne, 8 Juni

Nimetoka kiwandani moja kwa moja hadi kwa Romani. Viti vimening'inia darini kwake kama popo. Vyote vya ngozi, vyote vizee, vyote vinafanana. Nikasalimia kistaarabu. Akaniuliza kama nimekuja kujisalimisha, maana babu yake alimteka bibi yangu na risiti anayo. Nikamwambia babu yake alikuja kwetu amevaa ngozi kiunoni, ndiyo maana mjukuu hadi leo hawezi kuachana na ngozi. Mafundi wenzake wakapiga makofi. Hilo ndilo tusi langu bora. Nalitunza.

Nikadai kiti. Akasema kimo humo humo, nikikitambua nichukue, jogoo amenisamehe. Kisha akajitia mwalimu. Vingine vina misumari mikubwa ya shaba, vingine midogo. Vingine springi mbili, vingine nne. Chapa ya kiwanda hupigwa ubavuni, lakini suruali huifuta. Alama kubwa ni mkaliaji mwenyewe. Ngozi ikikaliwa miaka hushika umbo lake, na hakuna watu wawili wenye makalio ya namna moja. Alisema hivyo mbele ya watu, uso mkavu!

Hapo nikajua nitafute nini. Mguu wa kushoto wa Kornelio ulivunjika akiwa kwenye mkonge, ukaungwa vibaya, ukawa mfupi. Akiendesha alikuwa analalia kushoto ili aifikie pedeli. Nikapekua, nikapata kiti kilicholala kushoto. Nikaondoka nacho. Romani hakubisha.

Mngoni asiyebisha. Nilipaswa kushtuka pale pale.

Alhamisi, 10 Juni

Kiti kigumu kama mkate wa wiki iliyopita. Kimepasuka pasuka. Jirani yangu Tunu kanipa mafuta ya papa. Mumewe Sadallah anavua Msasani, hayo mafuta wanayo tele. Kama yanalainisha mbao za ngalawa, anasema, ngozi ni nini? Nimepaka kopo zima. Nimekianika dirishani.

Ijumaa, 11 Juni

Paka.

Jumamosi, 12 Juni

Sikujua Temeke ina paka wengi hivi. Wamekaa uani kwa mistari kama wanasubiri mkutano wa tawi. Mmoja, mnene, asiye na sikio, amekaa juu ya kiti chenyewe na hashuki. Nimempiga na mwiko akanitazama tu. Meneja amehamia juu ya bati na huko huko anawikia.

Mchana akaja Mzee Salumu, balozi wetu wa nyumba kumi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanusa. Akaniuliza kwa upole kama nimepata papa mzima nikajifungia naye ndani peke yangu, wakati nchi nzima inahimizwa kula pamoja. Nikamwonyesha kiti. Akakitazama muda mrefu. Akasema anaelewa, ujane ni mzigo mzito. Akaenda zake.

Hakuelewa chochote.

Jumapili, 13 Juni

Nani kamwita? Habari za paka zimefika Chang'ombe. Romani alipoona uani kwangu alicheka mpaka akakaa chini. Akampigia saluti yule asiye na sikio. Kisha akasema kiti hicho si cha Kornelio, ni cha tarishi mmoja aliyekuwa anatundika mkoba begani kushoto.

Alijua tangu Jumanne! Kaniacha nibebe kiti cha tarishi njia nzima nimekikumbatia!

Lakini haki niiseme, maana hapa hanisikii. Kazi anaijua. Alikiosha kwa sabuni na kitambaa chenye unyevu, si maji ya kumwaga. Akakiacha kivulini. Akayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe kidogo, akapaka kwa vidole, zaidi upande wa chini ambako hakuna anayeona. Skrubu ya mbele akaikaza nusu mzunguko tu. Ukizidisha, anasema, ngozi inachanika, nayo kama mwanamke wa Kimwera hairudi. Nilikuwa nimemwekea chai, nikaiondoa.

Baadaye nikairudisha.

Jumapili, 20 Juni

Kaleta kiti cha pili. Kasema safari hii ana hakika. Nikakitazama, kimebonyea katikati kama sufuria. Huyo aliyekikalia alikuwa na kilo mia. Romani akashangaa sana, kwa muda wa kutosha kula wali.

Jumapili, 27 Juni

Cha tatu. Hiki hata hakikulala kushoto, kimelala kulia! Nikamwuliza anafundisha watu kutambua viti au anajifunza. Akasema macho yanamsumbua. Macho hayakumsumbua alipokuwa anachagua kipande cha samaki.

Alipoondoka alikuwa ameshika kiuno. Nikasema vizuri, Mungu anamlipa. Tunu akanitazama akiwa anachambua mchicha.

"Shoga, mie naona huyu mtu hatafuti kiti."

Nikamwambia aangalie mchicha wake. Imebaki wiki moja Marselino afike, na mimi sina kiti.

Jumatano, 30 Juni

Khanga bado imelowa. Naandika hivyo hivyo.

Nilikuwa bombani na ndoo kichwani. Nikaona mgongo wa mtu juu ya baiskeli, anakwenda, amelalia kushoto. Bega lile, mteremko ule ule. Nikaita "Kornelio!" Kwa sauti, barabarani, mbele ya foleni nzima ya maji. Ndoo ikaanguka.

Mwenye baiskeli akafunga breki. Akageuka. Romani.

Nilikwenda pale nimelowa mpaka miguuni. Nikamwambia ashuke. Akashuka. Chini yake kiti cha Kornelio! Misumari mikubwa, springi nne, na lile kovu nyuma nililokuwa nimelisahau kabisa, aliloliweka mwenyewe kwa kisu siku aliyokata miwa akiwa amekaa. Laini, cheusi, kinang'aa. Mwaka mzima hakikuwa darini hata siku moja. Nilimwita mwizi, mwongo, mla samaki wa wajane. Foleni ya maji ikasahau maji.

Yeye akasema, "Kiti cha ngozi kisipokaliwa kinakufa, Bernadeta. Nilikikalia kisife. Na mgongo umenipinda kwa ajili ya mume wako."

Kaniita jina langu. Siku zote ananiita mateka.

Nilitaka kumjibu. Lile tusi la ngozi lilikuwepo mdomoni kabisa. Sikulitoa. Nikaokota ndoo nikaja nyumbani bila maji.

Alhamisi, 1 Julai

Sijaenda kisomo. Nitasema ninaumwa.

Kinachoniuma si kudanganywa. Kinachoniuma ni kwamba jana, alipogeuka nikaona ni Romani na si Kornelio, sikusikitika vya kutosha. Basi. Nimeandika. Nafunika debe.

Jumamosi, 3 Julai

Nimeamua kumaliza kwa desturi. Nimemfunga Meneja kamba miguuni, nimempakata mpaka Chang'ombe, amenidonoa njia nzima. Nikamwambia Romani huyu hapa jogoo, nipe kiti, utani wetu ubaki palepale. Ni neno la kawaida kabisa. Mtani akishika kuku lazima aseme kitu, amekonda, anafanana na baba mkwe wako, chochote.

Hakumshika. Akapangusa mikono. Akasema kiti ataleta mwenyewe kesho baada ya misa, na jogoo nirudi naye.

Mtani anakataa jogoo? Tangu lini? Mafundi wenzake nao wakainamia kazi zao.

Nikarudi na Meneja. Watu wakaniuliza kama ninamtembeza.

Jumapili, 4 Julai

Nipo jikoni. Nilifuata mchele nikakuta daftari. Naandika upesi, maji yanachemka.

Misa imekwisha. Marselino amelala safarini siku mbili na bado ana sauti ya kutikisa bati. Amekaa ukumbini anakunywa chai na Mzee Salumu. Romani kaja. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Kiti kakifunga kwenye gazeti. Akasema, "Shikamoo, Mzee Salumu. Kaka Marselino, poleni na safari. Habari za asubuhi, mama."

Mama! Mimi!

Akakifunga kiti kwenye baiskeli, taratibu, spana ile ile ya mazishi. Nikakipapasa alipomaliza. Kakipaka nta upya, nyuzi za chini kashona upya, lakini ule ubonyeo wa kushoto kauacha. Nikiendesha kwenda kiwandani nitakwenda nimepinda kama wote wawili. Marselino kaizunguka baiskeli, kapiga kengele mara tatu, kasema nzima, ibaki na shemeji. Nilipaswa kuruka kwa furaha. Nimesimama tu na mwiko.

Kisha Marselino akaanza, kama mtu mzima anayejua desturi. Akamwuliza Mngoni amefuata maiti ipi leo ya kuiba vitu. Alikuwa anampa pasi nzuri, mtu yeyote angeicheza. Romani akakaa mkekani, kofia mikononi, amelalia kushoto.

"Nimekuja kuzungumza na wewe, kaka. Kwa heshima."

Mzee Salumu kaweka kikombe chini.

Nikajisemea hapana, huyu anatega mtego, ngoja. Nikachungulia dirisha la ukumbi kutoka uani nikalitoa. Tusi langu bora, lote, na babu yake na ngozi yake kiunoni. Mbele ya shemeji na balozi! Romani akainua macho.

"Ndiyo, mama," akasema.

Yesu na Maria. Hatanii.

Marselino ananiita nitoke. Meneja yupo hapa miguuni, bado ana kamba ya jana. Nikitoka naye nikamweka mkekani, nimekomboa kiti, Romani ni mtani wangu, atanitukana mpaka nife na tutacheka. Nikitoka mikono mitupu, basi Romani ni mposaji na mimi—

Anaita tena. Tunu naye kachungulia uani, ananipa ishara nivae khanga mpya. Yeye kajuaje?

Maji yanamwagika motoni. Nimeinama nimfunge Meneja vizuri asije akatoroka, na sasa naona kamba ninayo mkononi na jogoo ameshafika mlangoni, anatembea kama meneja. Natoka mikono mitupu.