Shangazi wa Kukodi

Kalungu, Jumatatu

Kaka yangu Kasujja,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini baridi ya Toronto haijakumaliza na kile kifua kimepona. Sisi ni wazima, migomba imezaa vizuri, ila mimi moyo unaniwaka na leo lazima niseme.

Picha za Jumamosi, binti yako Eseza alipomtambulisha mchumba wake, najua umeziona. Hukuona yote. Mimi ndiye shangazi yake, dada yako wa pekee. Kumfunda, na kumtambua bwana harusi aliyeketi kati ya wageni, kumvisha ua na kumtoa mbele, ni kazi yangu. Nikamngoja aje nimfunde, wapi! Akaniambia nisijisumbue, keshafundwa na Shangazi Vayoleti, yule mwanamke wa kwenye simu anayewafunda mabinti wa watu akiwa London. Tena atakuja mwenyewe! Wivu ulinishika, kaka.

Akaja kweli, kucha kama za mwewe, gauni la gomesi linametameta, kipaza sauti mkononi. Mimi nikawekwa nyuma kwenye masufuria. Mawifi wakanicheka, eti Losira leo umepewa likizo, kula tu.

Ulipofika wakati wa kumtoa bwana harusi, Vayoleti akaenda moja kwa moja kwa kijana mwenye koti jeupe, akamvisha ua. Wageni wakaangua kicheko: yule alikuwa binamu wa bwana harusi! Eseza akamwacha Vayoleti amesimama pale, akaja mpaka jikoni, akapiga magoti kwenye majivu na gomesi yake mpya, akaniomba nimtolee mume wake. Nikamtoa safu ya mwisho. Vigelegele hivyo!

Sasa sikia. Ni mimi niliyempelekea mchumba wa Eseza ujumbe kwamba mila yetu inataka bwana harusi akae nyuma na koti lake avae binamu. Mila hiyo haipo. Niliitunga mimi, kwa wivu.

Jioni nikamkuta Vayoleti analia nyuma ya hema. Akasema hakutaka kunipokonya kazi, ila aliyemkodi alimwambia shangazi wa bibi harusi ni mshamba, atawaaibisha mbele ya wageni wa Kampala. Nikamuuliza ni nani huyo aliyesema hivyo. Akakutaja wewe, kaka.

Ungenipigia. Namba yangu ni ile ile.

Wasalimie wadogo zake Eseza huko. Waambie wana shangazi, na hakodiwi.

Ni mimi dada yako,
Losira Nakasujja