Daktari wa Meno wa Okello

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Gereji yote tope, mtaro wa Nakivubo wote unanuka. Nimefunga breki za matatu mbili. Okello tuko naye benchi moja na mdomo wake haupumziki. Bomba tunalochomeka kwenye spana kuongeza nguvu analiita Shemeji: huitwa mume akishindwa. Jiwe tunaloweka badala ya jeki ni Askofu, maana lazima umpigie magoti. Leo amenoa tupa kuukuu iwe tindo, akaipa jina: Daktari wa Meno. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Jumanne, 4 Machi

Beringi ya gurudumu la mbele ilikwama. Okello akaniambia, "Mukenya, shika taa. Daktari anang'oa." Akaweka tupa, akaigonga kwa nyundo. Ikapasuka, kipande kikaruka. Alisimama tu, kiganja kwenye jicho la kulia, damu ikipita kati ya vidole. Nilimpakia kwenye boda, nikakaa nyuma yake nimemkumbatia hadi hospitali.

Mimi ndiye niliyempigia simu mkewe, Zainabu. Ni polisi, alikuwa lindoni. Aliuliza, "Jicho moja ama yote?" Sauti yake kavu kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Wamelitoa.

Alhamisi, 6 Machi

Lile gari bado liko juu ya mawe. Ssalongo, mwenye gereji, aliokota kipande cha tupa kilichobaki akaninyooshea. "Maliza wewe. Mwenye gari anasumbua sana."

Nilimchukia. "Ssalongo, hiyo sigongi. Leta tindo ya kweli."

Mafundi wote wakageuka kututazama. Nilijua nafukuzwa. Badala yake akatoka kwa miguu kwenda madukani Kikuubo. Sijamaliza hata kunawa mikono, karudi na tindo mpya kwenye mfuko wa kaveera.

Kumbe duka liko karibu hivyo. Miaka yote hii, karibu hivyo.

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nilikwenda kwake Kansanga kumwona Okello. Amekonda. Zainabu alikuwa kazini. Hakutania hata mara moja. Alikataa nimimine chai, akamimina mwenyewe. Ikamwagikia mezani, kando ya kikombe. Nikainuka nimsaidie.

"Kaa," alisema.

Akajaribu tena, polepole, mdomo wa birika ukigusa ukingo wa kikombe. Kikajaa. Akanisogezea.

Nikanywa.