Pembe za Mama Zipigwe na Nani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapoteza dada au sijapoteza wanafunzi, maana mambo yalipofika sijui nimshike yupi nimwache yupi, na najua gazeti lako hapa Amu husomwa na wanaume barazani kwanza kisha likatufikia sisi limekunjwakunjwa, kwa hivyo watanisoma wote, na wanisome tu, nimechoka kunyamaza.

Mimi ni mtu wa Mkomani, binti mkubwa wa marehemu Bi Mwanaarabu, ambaye kila harusi ya mtaa wetu ilimngoja yeye ndipo iwe harusi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiongoza vugo, wanawake wakipita vichochoroni na pembe zao za nyati wakizipiga kwa vijiti na kuimba, yeye mbele, na akianza ubeti kuta za pande zote mbili humrudishia, na sisi watoto nyuma yao tunanukia udi na asumini, tunapiga mawe kwa vijiti tukijifanya nasi tuna pembe. Wallahi mshauri, siku hizo zimekwenda na wenyewe, na mimi nazililia mpaka leo.

Sasa kwetu pembe hazikuwa kitu cha kufunzwa kila mtu, kila nyumba ilikuwa na pembe zake na nyimbo zake, na mama huchagua binti mmoja tu akamfungia mlango akamfunza, wengine hawaingii. Mimi ndiye niliyechaguliwa. Kila alasiri mama aliniita ndani, na mdogo wangu Swafiya akaambiwa abaki jikoni aangalie wali usiungue, nami nikitoka huko viganja vimechubuka lakini najiona malkia, na ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza, hata leo nikisikia harufu ya wali wa nazi unaoshika chini ya sufuria mikono yangu huanza kupiga yenyewe.

Mama alipofariki nikaongoza mimi, lakini wenzangu wengine wametangulia mbele ya haki na waliobaki pumzi hazipo, na wangu wa kuzaa ni wanaume watupu, basi pembe zikabaki zidakani ukutani zinashika vumbi na harusi zikaingiliwa na santuri. Ndipo, baada ya uhuru, akahamia jirani yangu Nerea, mke wa Mwalimu Patroba, watu wa bara, na siku moja nilikuwa nafuta pembe vumbi nikazigonga kidogo kwa hamu tu, mara namwona mlangoni na unga mikononi, akasema, "Bi Mwana, hiyo ni nini? Nimeacha ugali kwa moto nikaja. Mtu kama mimi anaweza kufundishwa?" Nikacheka. Kisha nikampa pembe.

Kesho yake akaja na msichana wa dobi, naye akaja na wenziwe kutoka Langoni, mtaa wa pili, mpaka uani kwangu hapana pa kuweka mtungi, na mimi sikumfukuza hata mmoja, kwa sababu baada ya miaka yote ile nyumba yangu ilisikika tena mpaka msikitini, na wanaitikia vizuri hata nikalia mbele yao bila haya. Kuanza ubeti sijawafunza, hilo nimeliweka, maana kitu cha nyumba lazima kibaki nyumbani.

Balaa limeingia kwa Hadia, binti ya Swafiya, anayeolewa baada ya Maulidi. Nilimwambia Swafiya kwamba vugo lipo na wapigaji ninao, akaniangalia kama nimemtukana, akasema, "Dada, pembe za mama zapijwa ni kila apitao ndiani? Bibi zao walichukua shiraa, bibi zetu wakapita tini yake, yeo wao washike pembe? Wakiya hao, nawe usiye. Nitaeka santuri." Shiraa, mshauri, ni lile hema la nguo ambalo watumwa waliwachukulia mabibi wakipita njiani, nami nikamjibu kwamba nchi imepata uhuru. Akasema, "Uhuru ni wa nti, si wa nyumbani kwa mama," akashuka ngazi analia, na tangu siku hiyo tukikutana kichochoroni hujifunika buibui akapita. Na Hadia mwenyewe alikuja kwa siri akanishika mkono akaniambia, "Mama mkubwa, mimi nataka pembe."

Sasa mshauri, niwafungie mlango watoto wa watu ili nimpate dada yangu, au niwashike hao na nimwache mwanangu Hadia aolewe mimi sipo? Nijibu upesi, sina mama wa kumuuliza.

Mwana, Mkomani, Amu

*

Bi Mwana,

Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, na ningekuwa na shamba ningekuwa huko sasa hivi. Lakini umeniuliza mbele ya watu, na mbele ya watu utajibiwa.

Kwanza nikupe pole, tena ya kweli. Mimi nililetwa Amu kwa harusi nikiwa msichana mdogo, nikasikia pembe zile, na sijasikia kitu kama hicho tena. Santuri ni chombo kizuri cha kusikilizia jioni, lakini haimjui bibi harusi jina lake. Hadia ana haki ya kuzitaka.

Kuhusu wanafunzi wako, hongera, ila usijisifu mno. Umewafungulia mlango kisha ukawakalisha dakani, pale mlangoni, kama mgeni asiyejulikana anataka nini. Unasema wanaitikia vizuri. Siku ukifa watamwitikia nani? Ati kitu cha nyumba kibaki nyumbani! Nyumbani kwa nani, bibi wee, na wanao wote wanaume? Wafunze kuanza. Mfunze na huyo Nerea, na akitamka vibaya mrekebishe, ulimi wa mtu mzima hukunjika ukitaka.

Maneno ya shiraa ni maneno mabaya, na Swafiya anajua kwamba ni mabaya. Mungu hakugawa masikio kwa ukoo. Lakini mimi siamini kwamba hayo ndiyo yanayomliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mara nimemkuta dada yako jikoni. Wewe uko ndani unafunzwa, mlango umefungwa, yeye anaangalia wali. Umeliandika hilo kwa raha, hata kalamu haikusita. Harufu ile inakukumbusha umalkia wako. Je, umewahi kuuliza inamkumbusha nini yeye? Alikuwa akisikia kila pigo kupitia ukutani. Mama yenu amekufa, pembe zikawa zako, zikashika vumbi miaka, na katika miaka yote hiyo hukumwambia, njoo tujaribu. Leo anamwona mke wa mwalimu amekuja na unga mikononi akapewa pembe siku hiyo hiyo. Akaona na msichana wa dobi na wenziwe. Umeuita uani kwako mji mzima ukamsahau uliyelala naye tumbo moja! Ningekuwa Swafiya ningekutolea maneno makali zaidi ya yale.

Kwa hivyo usiniulize umwache nani. Hakuna wa kuachwa, kuna mmoja ambaye hajaitwa.

Fanya hivi. Usitume mtu wa suluhu, usipeleke halua, wala usimwite kwako. Nenda mwenyewe leo ukishaswali alasiri, na uchukue pembe mbili. Mambo ya harusi usiyataje. Wala usianze kumsema marehemu, mama yenu alifanya kama walivyofanya mama wa zama zake, na Mungu amrehemu. Mwambie tu, "Swafiya, nimekuya kukufunza." Akikufukuza, kaa ngazini. Akikutukana, mwache amalize, ana mengi na ameyaweka muda mrefu. Ataishika pembe, mimi naamini hivyo, na usishangae ukikuta tayari anajua kuliko unavyodhani.

Akishaishika, usimfunze kuitikia. Mfunze kuanza, na umwanzie ubeti wa kumtoa binti nyumbani, ule ambao mwenye haki nao ni mama mzazi.

Na siku ya Hadia, Swafiya atangulie mbele, aanze yeye. Wewe shika pembe yako urudi nyuma, usimame na Nerea na wasichana wa Langoni, umwitikie.