Mashuka ya Mwadhama

Avignon, siku ya pili baada ya sikukuu ya Mikaeli Mtakatifu

Dada yangu Ermessenda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, dada. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko mlimani? Na yule mbuzi mkorofi bado anakula uzio? Mimi sijambo, ila kifua kinapiga filimbi. Padre Amiel akusomee yote, asiruke mstari kwa kunionea haya.

Baba Mtakatifu ameniruhusu kurudi nyumbani. Nilimwomba mara tatu. Mara ya kwanza alicheka, akauliza kardinali atafanya nini kwenye mawe ya huko mlimani. Hajui kwamba uliacha kuolewa ukachunga mbuzi ili mimi nisome Kilatini. Nikawa karani wa askofu, nikawa askofu, kisha nikavishwa kofia nyekundu. Hapa wote huniita Mwadhama. Hakuna anayeniita Ponset.

Sasa nitoe lililonikaa kooni miaka tisa. Ulipokuja kwa miguu, na jibini mgongoni, makardinali wawili walikuwa mezani kwangu. Mmoja akauliza huyu mama ni nani. Nikasema, "Dobi wangu huyo." Nilidhani hukusikia. Ukainamisha kichwa, ukasema, "Ndiyo, Mwadhama," ukachukua kapu la nguo chafu ukatoka. Siku mbili ulifua mashuka yangu mtoni ili uongo wangu usijulikane. Siku ya tatu ulikuwa umekwenda. Mashuka yalikunjwa vizuri, na jibini juu yake.

Nililia, dada, lakini sikukufuata. Petro alimkana Bwana kwa kuogopa kufa. Mimi niliogopa kuchekwa tu. Juzi nilimwendea yule aliyeuliza, nikamwambia ukweli. Akasema alijua tangu siku ile, maana pua zetu ni moja. Miaka yote hiyo nilikuwa najificha peke yangu.

Nisamehe. Nitafika kabla ya theluji. Ukinifungia mlango sitalalamika, ni haki yako. Ila ukinifungulia, na majirani wakauliza huyu mzee ni nani, waambie ni mchunga mbuzi wako. Mimi nitaitika, "Ndiyo, mama," nichukue fimbo nitoke.

Nisalimie wote wanaonikumbuka, na huyo mbuzi pia.

Mdogo wako,
Ponset