Kitabu Ambacho Hakijaguswa

Niboye, Kigali
9 Novemba 2024

Kaka yangu mpendwa Rwema,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe, wifi Uwase na watoto, na kwamba kile kifua cha mtoto wa mwisho kimepona. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi za ofisini Muhima, ila halijanizuia kwenda kazini. Mvua zimeanza kwa fujo, na ule ukuta wa nyuma, ambao tangu msiba wa mzee unasema utamtuma mtu aje autengeneze, umeanguka wenyewe bila kumsubiri mtu wako.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Kwenye simu una tabia ya kuniitikia “nakusikia, nakusikia” huku unasoma mambo mengine, nami jambo nililo nalo halifai kuitikiwa hivyo. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho alichotulea nacho mzee wetu kule Karagwe, na kwa sababu Kinyarwanda changu cha kuandika mpaka leo kinawachekesha wapangaji.

Kwanza pokea hongera zangu, maana siku ile ya maonyesho Remera ulizungukwa na watu mchana kutwa, na jioni tukazungumza mengine. Kitabu chako cha katuni kilipendeza. Kukiona *Sajini Ndulele*, toleo la kwanza, kimesimama peke yake mezani ndani ya ganda lake gumu la plastiki, na lebo nyeupe juu imeandikwa tisa nukta mbili kwa kumi, hakijaguswa, hata mimi nilisikia fahari kidogo. Nyie watu wa katuni mnanichekesha lakini. Nilimwona mama mtu mzima, mwanasheria kabisa, amepiga magoti mbele ya ile meza anapiga picha. Nikasogea nione anapiga nini. Alikuwa anapiga lebo. Sajini mwenyewe, na kofia yake na mbwa wake, hakumwangalia hata mara moja. Mnanunua kitabu msichoweza kukifungua, mnasoma namba, mnalala usingizi. Ganda likipasuliwa namba inakufa, kwa hiyo hakuna anayepasua, na kwa kuwa hakuna anayepasua, kila mtu anaamini.

Nilikuwepo pia mchana huo ulipomfanyia Eddie vile. Huyo kijana aliletewa kitabu chake na mtu wa Kampala, akakilipia kwa moyo safi, akakileta kwenye chama chenu cha wakusanyaji bila ganda ili mwenyekiti wake ukitazame. Wewe ukaomba mapazia yafungwe, ukawasha taa ya zambarau mbele ya watu wote, na gundi ya dukani iliyopakwa kwenye mgongo wa kitabu ikang'aa. Eddie akasema, “Banange, mimi nilinunua hivyo hivyo, haki ya Mungu.” Ungeweza kumwita pembeni. Badala yake ulimwambia kwamba kitabu kilichorekebishwa kimyakimya ni maiti iliyopakwa poda, na anayekileta kwa watu ni mwizi au mjinga, achague mwenyewe. Wenzako wakacheka. Alikiokota kitabu chake akakitia ndani ya shati, akatoka, na nasikia hajarudi tena. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meza ya soda. Nikakuangalia ukirudi kusimama kando ya ganda lako, nikajiambia, sasa huyu nitamwandikia.

Jioni ile uliponipeleka kituo cha basi ukaniuliza tena lile swali lako. Umeniuliza siku ya maziko, umeniuliza kila Krismasi, umeniuliza usiku ule ulipokunywa ukanipigia unalia: kwamba mzee hakuacha neno lolote juu yako? Nami nikakujibu kama siku zote, kwamba hakuacha. Ukainamisha kichwa. Najua unauliza nini, Rwema. Unauliza habari ya mama. Ulikuwa na miaka kumi na minne, ukatumwa mbio ukamwite mganga wa zahanati, ukapita uwanjani ukakuta mpira, ukakaa mpaka kipindi cha pili. Mganga alipofika mama alikuwa ameshafunikwa. Baba hakukupiga wala hakukugombeza, na jambo lile hakulitaja tena kwa kinywa chake maisha yake yote. Ukaondoka nyumbani ulipopata kazi, na hata alipougua hukuja. Ulisema hutaweza kumtazama usoni kabla hujajua moyoni mwake mna nini. Hilo nalielewa. Mimi niliweza, kwa hiyo ndimi niliyemgeuza kitandani miaka minne, nikamwosha, nikamlisha kwa kijiko baada ya kiharusi kumfunga ulimi na mkono wa kulia.

Ulikuja kuzika, ukakaa siku tatu, ukaondoka na Sajini Ndulele ndani ya mfuko wa rambo. Sikukuzuia. Mzee alikinunua Bukoba kabla hatujazaliwa, ndicho alichokufundishia kusoma wewe, mimi nilifundishwa kwa kitabu cha shule. Kila mtu alijua ni chako.

Baada ya mwaka ukakirudisha kwangu kwa basi, kwa sababu mimi ndiye fundi. Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu, nawe hujawahi kuuliza, basi nikueleze leo. Bertrand, mkubwa wangu pale Muhima, ndiye anayepima vitabu na kuvipa namba. Ni mtu aliyekulia Bujumbura, wa misa ya kila asubuhi, anavaa glavu nyeupe hata kushika gazeti la leo. Mimi naandaa kabla yake: natoa vumbi, nakandamiza mikunjo, nafuta penseli kwa ufutio laini. Hayo yanaruhusiwa. Kuziba, kubandika, kupaka rangi, kubadili kurasa, hayo ni marekebisho, na kitabu kilichofanyiwa hayo kinapewa lebo ya njano ambayo nyie mnaikimbia. Nimefanya naye kazi miaka sita na sijamletea hata kimoja cha kumtia aibu. Ndiyo maana vikitoka mezani kwangu havimuliki tena kwa taa. Huwaambia wateja, “Ya Kankindi iko sawa, hakuna haja ya lampe.”

Unakumbuka ulivyoniagiza? Mimi nakumbuka kila neno. Ulisema umekifungua ukakuta mzee amekichafua katikati, amechora-chora kwa penseli pembezoni mwa kurasa nne kama mtoto wa chekechea, na kwamba hiyo mikwaruzo peke yake itakula alama mbili nzima. Nikakuambia mzee alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto miezi ile ya mwisho, labda ni maandishi. Ukasema futa tu. Nikakuuliza mara ya pili, kama ungependa niyasome kwanza nikunakilie mahali. Ukasema, “Kankindi, futa hiyo mikwaruzo, namba ndiyo muhimu.” Kuhusu pembe ya jalada iliyoliwa na mende ukaniambia nijue mwenyewe la kufanya, na kwamba hutaki kuambiwa nimefanyaje. Ukacheka kidogo ulipokuwa ukisema hivyo. Mwenyekiti wa chama, mwenye taa ya zambarau.

Sasa nisikilize vizuri.

Ile haikuwa mikwaruzo. Ilikuwa barua yako. Ilimchukua mzee wiki tano kuiandika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchongea penseli na kumshikia kitabu kisiteleze juu ya mto, na kila nilipotaka kusoma alikuwa akikifunika kwa kiganja. Nilimletea daftari, akalisukuma likaanguka chini. Nilifikiri ni ugonjwa. Baadaye ndipo nilipoelewa: alijua hutakuja kumwona akiwa hai, ila kitabu utakuja kukichukua, na ukishakichukua utakifungua. Alikosea kidogo tu juu yako. Kukifungua ulikifungua, ila ulikuwa unatafuta kasoro.

Niliisoma mezani kwangu siku ile ile uliyoniambia mara ya pili nifute. Herufi zilikuwa zimepinda na zimepandana, lakini ukikaa nazo nusu saa zinasomeka zote. Ilianza kwa jina lako, lile la utotoni ambalo mama peke yake ndiye aliyekuwa akikuita. Ilikuwa yako kuanzia juu ukurasa wa kumi na moja mpaka chini ukurasa wa kumi na nne. Kwangu kulikuwa na mstari mmoja, pembeni kabisa: Kankindi akupe chai. Miaka minne, Rwema. Nililia, sitakuficha, na sikulia kwa ajili yako.

Ningeweza kuifuta kama ulivyoagiza, lakini penseli ikifutwa huacha mfereji kwenye karatasi, na mtu mwenye subira akiinamisha taa anaweza kusoma. Sikutaka uwe na mfereji. Katika mafungu ya karatasi za kufungia vitumbua, sokoni Nyabugogo, nilikuwa nimewahi kupata Sajini Ndulele mwingine wa toleo hilo hilo, hana jalada, kurasa zake safi. Nikafungua pini za kitabu chako, nikatoa karatasi ya katikati yenye kurasa zako nne, nikatia ya yule mwingine, nikarudisha pini katika matundu yale yale. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini.

Ikabaki pembe ya jalada. Pembe huzibwa kwa rojo la karatasi, na rojo lazima litoke katika karatasi ya umri ule na rangi ile, vinginevyo jicho linaona. Ningeweza kutumia kurasa zilizobaki za yule wa Nyabugogo, zilikuwepo mezani, tele. Nilizitazama, nikaziacha. Nilichukua karatasi ya baba, nikaichana vipande vidogo vidogo, nikailoweka kwenye bakuli, kisha nikaisaga katika blenda ya jikoni, ile ninayosagia karanga za kuungia isombe, kisamvu cha huku. Maji yaligeuka kijivu kwa sababu ya penseli, nikayamwaga, nikasaga tena. Nikachanganya na gundi niliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, ambayo taa yenu haiijui. Nikajaza pembe, nikaikandamiza siku mbili, nikaipaka rangi kwa brashi ya nywele tatu. Bertrand alipokishika alisema hajawahi kuona jalada la miaka ile lililokaa hivi. Hakuwasha taa. Nimemharibia jina mtu aliyenitendea haki, na hilo ndilo peke yake linaloninyima usingizi.

Kwa hiyo kitabu unachokionyesha kina kurasa nne za mtu tusiyemjua, aliyezitupa, na pembe ya chini kulia, pale unapopenda kuwaonyesha wageni kwa kidole ilivyo kali, ndiyo barua aliyokuandikia baba yako. Ukitaka kuhakikisha, pasua ganda uone. Namba itakufa, chama kitauliza kwa nini umepasua, na Eddie atapata habari kabla ya jua kuchwa. Ukitaka kunishtaki kwa Bertrand, nenda. Atakuuliza aliyeagiza kazi ni nani, nami nitamjibu. Usipopasua, utabaki na tisa nukta mbili yako na utaitazama kila siku.

Utasema nina roho mbaya. Ninayo. Imenichukua muda kuipata, na wewe umenisaidia. Ningeweza kuendelea kukujibu kila Krismasi kwamba hakuacha neno, na ungeendelea kuniamini kama unavyoiamini lebo. Lakini nilipokuona umemsimamisha Eddie katikati ya watu kwa kosa asilolijua, na kosa lako limesimama mezani linapigiwa magoti, nilishindwa kabisa kunyamaza.

Jibu la swali lako lilikuwepo, Rwema. Alilijibu wazi, kwa mistari mitatu, juu ya ukurasa wa kumi na nne. Alitaja uwanja, alitaja mpira, alitaja saa mama alipokata roho, jambo ambalo wewe hulijui na yeye alilijua, halafu akakuambia moyoni mwake mna nini. Nayakumbuka maneno yote. Karatasi hii bado ina nafasi ya mistari mitatu, na kalamu ninayo mkononi.

Lakini uliniagiza nifute.

Msalimie sana wifi Uwase, mwambie kitenge alichoniletea nimekishona na kimenikaa vizuri. Watoto wabusu wote, na yule mwenye kifua msimpe maji ya baridi. Majirani wa Niboye wanakusalimu, wanasema ukija tena usikae siku tatu tu. Mungu akulinde safarini na kazini.

Ni mimi mdogo wako, fundi wako,

Kankindi